Mashirika kumi, mabosi kumi, mtambo mmoja: miradi mikubwa ya teknolojia inafia wapi?

#1 Mchokonozi
Wakuu, salaam. Nina dai, kwa hiyo lipasueni mnavyotaka.

Mradi mkubwa unaojengwa na mashirika mengi haufii ndani ya shirika lolote. Unafia kwenye maungio, pale kazi ya huyu inapokutana na kazi ya yule. Hesabu iko wazi: mashirika 10 yakiongea kila moja na mwenzake, kuna jozi 45 za kusimamia. Yakiwa 20, jozi ni 190. Hakuna ofisi ya kuhudhuria vikao 190. Ndiyo maana nasema hati ya maungio ndiyo mradi wenyewe, mengine ni utekelezaji.

Mfano wa darasani: Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA cha kuchunguza Mirihi, 1999. Timu moja ilitumia paundi, nyingine metriki, chombo kikapotea. Hati ingekuwepo, chombo kingefika. Nani anabisha?

#2 Bwana_Vipimo
Mimi nabisha, tena kwa mfano wako mwenyewe. Hati ilikuwepo. Ilitaka msukumo wa injini ndogo uandikwe kwa newton-sekunde, kipimo cha metriki. Programu ya ardhini iliyoandikwa na kampuni ya Lockheed Martin ikawa inatoa paundi-nguvu kwa sekunde. Moja ni mara 4.45 ya nyingine. Faili hilo ndilo lililokuwa linakwenda kwa wapiga hesabu wa njia kule JPL, maabara ya NASA. Kila injini ndogo zilipowashwa, kosa kidogo liliongezeka, kwa miezi tisa ya safari. Kilitarajiwa kipite kwenye kimo cha km 226 juu ya Mirihi. Hesabu iliyorudiwa baadaye ikaonyesha km 57, ndani kabisa ya angahewa.

Wapiga hesabu waliona namba hazikai sawa kabla chombo hakijafika, ila wasiwasi wao haukupitia njia rasmi. Na faili lenyewe halikuwahi kujaribiwa kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mnyororo. Karatasi ilikuwepo, mkuu. Jaribio ndilo lililokosekana.

#3 Nanga
Nakazia #2. Daraja la Laufenburg, kati ya Ujerumani na Uswisi, 2003. Ujerumani inahesabu kimo kuanzia usawa wa Bahari ya Kaskazini, Uswisi kuanzia Mediterania. Tofauti ni sm 27. Pande zote ziliijua na kuiingiza kwenye hesabu. Bahati mbaya kutoa kukawa kujumlisha, na badala ya sm 27 kufutika zikawa sm 54. Upande wa Ujerumani ukabidi ushushwe.

Namba ipo, sahihi zipo. Hakuna aliyebeba kifaa chake akavuka mto kupima nukta ya mwenzake.

#4 Kobe_Mwendokasi
Uzi umeisha kwenye post ya pili. Mods wafunge tukalale.

#5 Mchokonozi
Kobe tulia. Mnachoeleza nyote wawili ni nusu hati. Hati inayosema "tumia metriki" bila kusema nani atathibitisha, lini na kwa njia gani, hiyo ni barua ya matumaini.

Hati kamili ina pande zote mbili za ungio kwenye mchoro mmoja. Ina aina ya plagi na kazi ya kila pini, volti na mkondo wa juu, uzito na kitovu chake, joto linalovuka mpaka kwa wati, mpangilio wa baiti, saa ipi inatumika kuweka muda kwenye data, na namba ya toleo. Kisha yanakuja yale ambayo watu huona madogo mno kuyaandika: nani ananunua bolti, nani anazikaza, kwa newton-mita ngapi, nani anasaini kwamba zimekazwa. Kila kipengele kionyeshe kitathibitishwa kwa jaribio, kwa hesabu au kwa kukagua kwa macho. Kisichothibitika kinafutwa.

#6 Sumaku
Kwenye orodha ya #5 ongeza nafasi ya kupishana, maana hapo ndipo ugomvi wa kweli unapoanzia. Sehemu 10 zinapangwa mstari mmoja, kila moja inaruhusiwa kupishana ±mm 2. Ukijumlisha kwa tahadhari, mwisho wa mstari unaweza kuwa nje kwa ±mm 20. Ukitumia takwimu, yaani kipeuo cha pili cha jumla ya miraba, unapata takriban ±mm 6.3. Shirika linalojenga linapenda hesabu ya pili kwa kuwa ni rahisi kuitimiza. Shirika linalounganisha linataka ya kwanza. Mkisaini bila kusema ni ipi, mmesaini mikataba miwili tofauti.

#7 Bwana_Vipimo
Sahihi, na nyongeza ndogo: ile ±6.3 ina maana tu kama makosa ya sehemu hizo hayahusiani na kila moja linayumba pande zote sawa. Sehemu zote 10 zikitoka karakana moja kwa jigi (kishikizo cha kuongozea kazi) moja iliyopinda, zote zinaegemea upande uleule. Takwimu imekwisha hapo, unarudi kwenye mm 20. Kwa hiyo msiombe cheti cha "imepita" pekee, ombeni vipimo halisi vya kila kipande.

#8 Plazma
Mnazungumzia bolti. Mimi naona pesa ndiyo inayochora mchoro.

Angalieni ITER, mtambo wa majaribio wa nishati ya muungano wa nyuklia unaojengwa Ufaransa. Mkataba ulisainiwa Paris Novemba 2006 na wanachama saba: Umoja wa Ulaya, Marekani, Urusi, Japani, China, India na Korea Kusini. Ulaya inabeba takriban asilimia 45.6 ya gharama za ujenzi, wengine sita takriban 9.1 kila mmoja. Lakini kama tisa ya kumi ya michango hiyo haiji kama fedha, inakuja kama vifaa vilivyokwisha kutengenezwa. Kila mwanachama anataka viwanda vyake vijifunze. Kwa hiyo kitu ambacho mhandisi angempa mtu mmoja kinakatwa vipande. Chombo cha ombwe kina vipande 9, vinne vya Korea na vitano vya Ulaya. Ofisi kuu ina ratiba lakini haina mkoba: kiwanda kikichelewa, haiwezi kuzuia malipo ambayo haikuyatoa.

Vipande vya mwanzo vikafika na kingo za kuchomelea zisizolingana na vipimo. Mabomba ya kupozea ya ngao ya joto yakakutwa na nyufa, chanzo kikiwa masalia ya klorini karibu na mishono. Kipande kilichokwisha kushushwa shimoni kikabidi kitolewe. Ratiba iliyotangazwa 2024 imesogeza mwanzo wa utafiti hadi 2034. Hapo hati za maungio zilikuwa maelfu, Mchokonozi.

#9 Sumaku
Dada Plazma, umeonyesha upande mmoja wa shilingi. Mgawanyo huohuo ndio uliozalisha nyaya za niobiamu na bati za sumaku kubwa. Kabla yake dunia nzima ilitengeneza tani kama 15 kwa mwaka. Wanachama sita walipojenga uwezo wao, ikafika kama tani 100. Kiwanda kimoja kingechukua muda gani kufikisha zaidi ya km 100,000 za waya? Kuna kazi ambayo haikamiliki bila kuigawa.

#10 Plazma
Kugawa waya ni sawa, waya inapimwa kwa mita. Kugawa chombo kimoja kinachotakiwa kufungana mshono kwa mshono ndiko ninakokusema.

#11 Nahodha_Mmoja
Jina langu limeshatoa msimamo: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Ushahidi ni ELDO, shirika la Ulaya la kujenga roketi, miaka ya sitini. Roketi ya Europa: hatua ya kwanza Uingereza, ya pili Ufaransa, ya tatu Ujerumani, satelaiti ya majaribio Italia, mitambo ya uelekezaji ya ardhini Ubelgiji, vipimo vya mbali Uholanzi. Hatua ya Uingereza ilifanya kazi yake vizuri, matatizo yakaanza kila ulipopanda juu yake. Roketi ile haikuwahi kufikisha satelaiti hata moja kwenye mzingo. Sekretarieti ilikuwa mratibu tu, amri juu ya kampuni ilibaki kwa kila serikali.

Kisha roketi ya Ariane. Ufaransa ikabeba zaidi ya nusu ya gharama, shirika lake la anga CNES likapewa usimamizi wa mradi mzima, na 24 Desemba 1979 ikaruka mara ya kwanza na kufanikiwa. Wahandisi ni wa Ulaya ileile. Kilichobadilika ni mwenye sauti ya mwisho.

#12 Bwana_Vipimo
Na nahodha huyohuyo, Juni 1996, Ariane 5 ya kwanza: programu ya kifaa cha mwelekeo ilichukuliwa kutoka Ariane 4 bila kujaribiwa kwa njia mpya ya kuruka. Namba ya biti 64 ikalazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, ikafurika. Kifaa cha akiba kilibeba programu ileile, kikazimika kwa sababu ileile. Chini ya sekunde 40 tangu injini kuwashwa, kazi ikawa imekwisha.

#13 Kobe_Mwendokasi
Nahodha mmoja, mwamba mmoja 😂

#14 Nanga
Mfano mwingine wa nahodha mmoja ni Boeing na ndege yake ya 787. Sehemu kubwa za mwili zilijengwa na washirika wa nchi kadhaa, zikitakiwa zifike zikiwa na nyaya na mabomba ndani, Boeing waziunganishe tu. Ndege ikaonyeshwa hadharani 8 Julai 2007 ikiwa imeshikiliwa kwa vifungo vingi vya muda, maana vifungo vyenyewe vya angani vilikuwa haba sokoni. Sehemu zilifika hazijakamilika, na kazi iliyobaki ikahamia kwenye ukumbi wa kuunganishia, ambao haukupangiwa mafundi wala vifaa vya kazi hiyo. Mteja wa kwanza alipokea ndege Septemba 2011, zaidi ya miaka mitatu nyuma ya ahadi.

Linganisha na #5, "nani ananunua bolti". Katika mradi wenye wajenzi wengi, bolti za kila mtu ni bolti za mtu hakuna.

#15 Faili_Toleo_la_Mwisho
Hakuna aliyegusa zana. Ndege ya Airbus A380 ina takriban km 530 za nyaya. Hamburg walikuwa wakichora kwa toleo la 4 la CATIA, programu ya kuchorea kwa kompyuta, Toulouse toleo la 5. Mafaili hayakuhamishika salama kati ya matoleo hayo, na mabadiliko ya upande mmoja hayakuonekana upande wa pili kwa wakati. Nyaya zikaja fupi kwa sentimita chache. Wasiohusika wataona ni kitu kidogo, lakini waya wa ndege hauvutwi. Una kipenyo cha chini cha kupindia, una vishikizo vyake na umbali wake kutoka mabomba ya mafuta. Ukipungua, furushi zima linatolewa na kutengenezwa upya. Kwa pamoja ucheleweshaji ukafika kama miaka miwili.

Tiba yake ni ya kuchosha lakini inafanya kazi. Kabla ya mchoro wa kwanza, kila shirika litume faili moja la majaribio lenye pinde zote, rangi zote na majina yote, mwenzake alifungue, alihifadhi, alirudishe. Linganisha lililorudi na lililokwenda. Rudia kila mtu anaposasisha programu.

#16 MzeeWaMikataba
Vijana, mnaunganisha mitambo kabla ya kuunganisha watu. Swali la kwanza ni hasara ni ya nani, na la pili ni mlango wa kutokea uko wapi.

Kituo cha Anga cha Kimataifa kinaendeshwa kwa makubaliano ya Januari 1998 ya nchi 15. Kila mshirika anabaki na mamlaka juu ya moduli zake. Pande zote zimesameheana madai: chombo chako kikigonga moduli yangu, kwa kawaida sikudai fidia, kila mtu anabeba yake. Bila kifungu hicho hakuna bima ambayo ingetosha, na kila kikao cha wahandisi kingehudhuriwa na wanasheria watano. Malipo pia mara nyingi ni ya kubadilishana: mkono wa roboti kwa saa za utafiti, uzinduzi kwa nafasi ya kifaa. Hivyo hivyo kwenye darubini ya James Webb. Ulaya ilileta roketi na vifaa, ikahakikishiwa angalau asilimia 15 ya muda wa uangalizi, Kanada angalau 5.

Kuhusu mlango wa kutokea, soma Concorde, ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti. Mkataba wa Novemba 1962 kati ya Uingereza na Ufaransa haukuwa na kifungu cha kujitoa. Serikali mpya ya Uingereza ilipotaka kuacha mwaka 1964 ilijikuta inaweza kushitakiwa. Mradi ulinusurika kwa sababu ya ukosefu wa mlango, si kwa sababu ya hati ya maungio wala nahodha.

#17 Plazma
Mzee, huo si ushahidi kwamba mradi ulikuwa mzuri. Ni ushahidi kwamba haukuweza kufa.

#18 MzeeWaMikataba
Binti, mada inauliza unafia wapi. Mimi nimejibu.

#19 Kodi_Huria
Wote mnaongelea chuma. Kiini cha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, kinajengwa na kampuni zinazoshindana sokoni, hakuna mkataba mkuu, hakuna asilimia 45.6 ya mtu. Kuna leseni moja, GPL toleo la 2, na mstari mmoja chini ya kila badiliko ambamo mwandishi anathibitisha ana haki ya kuitoa kazi hiyo. Mstari huo uliwekwa 2004 baada ya kesi za umiliki kuanza. Ratiba nayo haina huruma: wiki mbili za kupokea mapya, kisha wiki kama saba za kurekebisha tu, toleo linatoka. Kazi ya kampuni kubwa ikichelewa inangoja mzunguko ujao, treni haisimami.

Mitandao ya simu vilevile. 3GPP, ushirika unaoandika viwango vya simu za mkononi, ilianzishwa Desemba 1998, leo ina mashirika saba ya viwango ya mabara tofauti, na matoleo yake yanagandishwa kwa hatua, yaani yanafungwa yasiongezewe mapya. Hakuna anayemlipa mwenzake kujenga. Wanakubaliana maungio, kila mmoja anajenga chake.

#20 Mchokonozi
Asante Kodi_Huria, umenisaidia bila kukusudia. Soma sentensi yako ya mwisho.

#21 MzeeWaMikataba
Wala hakukusaidia. Kwenye viwango vya simu nani anadai mrabaha? Wenye hataza. Mshiriki anapendekeza mbinu iingie kwenye kiwango, na asipotakiwa kutangaza hataza zake mapema, wengine wanashtuka baada ya kugandisha. Ndiyo maana kuna sharti la kutangaza na la kutoa leseni kwa masharti ya haki na yasiyobagua. Na bado mahakama zinajaa, kwa sababu neno "haki" halikuandikiwa namba.

#22 Mgeni_wa_Uzi
Samahani wakuu, naomba darasa. Taasisi tano zinataka kujenga mfumo mmoja wa data, kila moja na seva zake na sheria zake. Zianzie wapi?

#23 Karani_wa_Mradi
Karibu. Waanze na kurasa mbili au tatu, zisizo za kisheria, zinazosema mfumo utafanya nini na hautafanya nini. Hiyo "hautafanya" iandikwe kwa ukali, ndiyo itakayowaokoa mwaka wa pili. Kisha wachore mipaka: data gani inavuka kutoka kwa nani kwenda kwa nani, kwa muundo gani, mara ngapi, na nani ana haki ya kuifuta. Kila ungio liwe na majina mawili ya watu, mmoja kila upande. Mkisema "idara ya TEHAMA", halina mwenyewe.

Baada ya hapo wasijenge mfumo. Wajenge uzi mwembamba: rekodi moja bandia ipite taasisi zote tano, kuanzia kuingizwa hadi kusomwa. Hapo ndipo yanapojitokeza majina yenye herufi maalumu yanayogeuka alama za kuuliza, tarehe zenye mwezi mbele na nyingine siku mbele, saa zisizolingana, vyeti vya usalama vilivyokwisha muda, na taasisi mbili zinazotumia namba ileile kwa watu tofauti. Afadhali yatokee kwenye rekodi moja kuliko milioni moja.

Mkataba wenye nguvu ya kisheria uje baada ya uzi huo kupita. Ndani yake muwe na kamati ndogo ya mabadiliko: ombi linajibiwa ndani ya siku 10 za kazi, ukimya unahesabika kuwa umekubali. Bila kifungu cha ukimya, taasisi moja yenye shughuli nyingi inawasimamisha nne. Na tengeni fungu la kuunganisha ambalo si la taasisi yoyote. Fungu hilo huwa la kwanza kukatwa bajeti inapobana, kwa kuwa hakuna anayelilia.

#24 MzeeWaMikataba
Mkataba baada ya kujenga? Mtu akijitoa na data za wenzake tayari ziko kwenye seva zake mtamshika kwa lipi?

#25 Karani_wa_Mradi
Nimeandika rekodi bandia, mzee. Akiondoka anaondoka na mtu asiyekuwepo duniani.

#26 Nyuzi_za_Baharini
Mgeni, angalia pia kebo za baharini, ni mashirika hasimu yanayofanya hivi kila siku. Makubaliano ya ujenzi na matengenezo yanaweka hisa za kila mmoja, kura kwa kadiri ya hisa, na nani ni mwenyeji wa kila kituo cha kutua. Siku hizi wengi wanagawana jozi za nyuzi: hii yako, funga vifaa vyako, siri zako ni zako. Vya pamoja ni kebo yenyewe, vikuza mwanga vilivyopangwa kila km 60 hadi 100, na umeme wa maelfu ya volti unaovilisha kutoka nchi kavu. Kinachochelewesha mara nyingi ni vibali vya mwenyeji mmoja. Meli haimsubiri. Kwenye njia kuu kinashushwa kifaa cha tawi chenye kipande kilichozibwa, kinalala chini hadi mwenyeji awe tayari. Yaani mchelewaji ametengewa nafasi ndani ya usanifu.

#27 Sumaku
Nimeipenda hiyo ya kumtengea nafasi mchelewaji. Kituo cha anga nacho kilifanya jambo la jamii hiyo: upande wa Marekani unatumia volti 124, wa Urusi volti 28. Hakuna aliyelazimishwa kubadili. Wakaweka vigeuzi vya kwenda na vya kurudi. Na kati ya Zarya na Unity, moduli mbili za kwanza, Desemba 1998, kikakaa kiunganishi chenye mlango wa Kirusi upande mmoja na wa Kimarekani upande wa pili.

#28 Nahodha_Mmoja
Na Zarya ilijengwa Urusi kwa pesa za Marekani. Mwenye pesa alikuwa mmoja. Nawaachia hilo mlitafune.

#29 Faili_Toleo_la_Mwisho
Kama nahodha ni lazima, nani alikuwa nahodha wa picha ya shimo jeusi ya 2019? Aprili 2017 vituo nane vya wamiliki tofauti viliangalia anga kwa pamoja kwa siku kadhaa, vikiongozwa na saa za maser ya hidrojeni, yaani saa za atomi zenye usahihi mkubwa. Data ilisafirishwa kwa diski ndani ya ndege hadi vituo vya kuunganisha data vya Haystack, Marekani, na Bonn, Ujerumani. Diski za Ncha ya Kusini zilingoja majira ya baridi yaishe, zikafika Desemba. ALMA, kituo cha Chile, ilirekodi mawimbi kwa mfumo tofauti na wenzake, na haikuambiwa ibadilishe mfumo huo: programu ndiyo iliyogeuza baadaye.

#30 Plazma
Na kwenye kutengeneza picha walijigawa timu nne na kukatazana kuzungumza, ili timu moja isiitie nyingine picha inayoitarajia kuiona. Mnaohubiri vikao zaidi hilo mnaliweka wapi?

#31 Kobe_Mwendokasi
Timu nne bila kuongea ni jozi sifuri. Mchokonozi, kwenye hesabu yako ya 45 hiyo inakaa mstari wa ngapi?

#32 Mchokonozi
Timu nne zilipokea data ya muundo mmoja, mkuu. Muundo wa faili nao ni ungio. Ila hiyo ya kukatazana sijaiwekea jibu, mwenye nalo alete.